Benz ya mitumba: jinsi ya kusoma nyota na beji zake kabla hujatoa pesa

Maandishi yote unayoyaona nyuma ya Benz yamebandikwa na gundi. C200, Kompressor, AMG, 4MATIC, yote. Mtu akiwa na draya ya nywele na dakika chache anaweza kugeuza C180 ikawa C63 na Milimani nzima ikaamini, ndio maana nikiona mtu kwa yadi anapiga buti picha akatuma kwa WhatsApp ati amepata AMG, zile Benz za injini kubwa, bei ya kutupa huwa namhurumia. Hii basi ni ya wewe unayetafuta Benz yako ya kwanza, uwe Nakuru, Kisumu ama Kakamega, na hauna haja ya kuwa makanika, unahitaji macho, simu na broka akuachie dakika ishirini peke yako na gari.

Anza mbele, si nyuma. Pale mwisho wa boneti juu ya grili kuna beji ndogo ya duara, na hiyo ndio cheti cha kuzaliwa cha hii kampuni, ukijua kila kitu hapo kilitoka wapi feki inajionyesha yenyewe.

Nyota ya katikati ni ya mzee Gottlieb Daimler. Mwaka wa 1872 alienda kufanya kazi kwa kiwanda cha injini za gesi huko Deutz, karibu na Cologne, Ujerumani, akachukua postikadi ya huo mji akachora nyota juu ya nyumba aliyokuwa anakaa, akamwandikia bibi yake ati iko siku nyota hiyo itawaka juu ya kiwanda chao wenyewe. Alikufa Machi 1900 bila kuiona kwa gari lolote. Vijana wake, Paul na Adolf, ndio walikumbuka ile postikadi na 1909 kampuni ikasajili nyota mbili, moja ya ncha tatu na nyingine ya ncha nne, ile ya tatu ndio ikawekwa kwa redieta kuanzia 1910. Ncha zenyewe ni nchi kavu, maji na hewa, maana injini za Daimler zilikuwa zishaingia kwa magari, kwa boti na hata kwa puto la kuruka.

Jina Mercedes sasa ni la mtoto wa mtu. Kulikuwa na mfanyabiashara anaitwa Emil Jellinek, anaishi Nice kule Ufaransa, anauzia matajiri magari ya Daimler, na akiingia mashindano alikuwa anajiandikisha kwa jina la binti yake. Aprili 1900, mwezi mmoja tu baada ya Daimler kufa, akaagiza magari 36 kwa mpigo mmoja na sharti injini mpya iitwe jina la huyo msichana, alikuwa na miaka kumi. Hayo magari yakaenda yakashinda Nice 1901, na 1902 jina likasajiliwa rasmi. Mwaka uliofuata baba mwenyewe akabadilisha jina la familia akawa Jellinek-Mercédès, kitu ambacho Wazungu waliona ni maajabu lakini huku kwetu angeitwa tu Baba Mercedes na maisha yaendelee.

Halafu yale majani yanayozunguka nyota, hayo ni ya Karl Benz wa Mannheim, yule wa gari la magurudumu matatu aliyepeleka ombi la hataza tarehe 29 Januari 1886, namba 37435. Nembo yake ya kwanza ilikuwa na meno ya gia, 1909 akaweka shada la majani ya laureli, lile la washindi. Na kama unaongea juu ya Benz bila kumtaja mama Bertha bibi yake hujasema kitu, kwa sababu pesa yake ya mahari ndio iliokoa biashara ya Karl kabla hata hawajaoana, na Agosti 1888 alichukua gari asubuhi bila kumwambia mzee, akabeba vijana wawili, akaendesha kutoka Mannheim hadi Pforzheim, kama kilomita 106, yaani karibu Nakuru hadi Kericho. Petroli alinunua kwa duka la dawa pale Wiesloch. Bomba la mafuta likaziba akalizibua na pini ya kofia, breki za mbao zikaisha akatafuta fundi viatu azipigilie ngozi. Mimi huwa nasema huyo ndio makanika wa kwanza wa Benz, wengine wote tumemfuata.

Vita ya kwanza ya dunia ikaacha Ujerumani bila pesa, na Juni 1926 kampuni zote mbili zikaungana. Nyota ya Daimler ikaingia ndani ya majani ya Benz, MERCEDES juu, BENZ chini.

Sasa rudi kwa hiyo beji ya boneti. Inama kabisa, pitisha ukucha kwa majani. Kwa orijino yametengana, unaweza kuyahesabu kama una subira, na kingo za nyota ni kali. Feki nyingi nilizoshika majani yamemeza majani, yanakaa kama kamba iliyosokotwa, na rangi ya samawati imeanza kuvimba pembeni kwa sababu ya jua na maji ya kuosha gari. Beji feki si dhambi, inaweza kuwa ya kwanza iliibiwa tu, lakini inakuambia boneti imeguswa, kwa hivyo muulize muuzaji kama gari iligonga mbele halafu uangalie nafasi kati ya boneti na taa upande huu na ule.

Kama ni ile ya nyota kusimama, isukume polepole na kidole. Ya ukweli iko na springi chini, inalala halafu inarudi. Ikikataa kabisa kulala hiyo ni pambo. Na kwa C-Class za W204 na W205 (hizo W ni namba za bodi, kila toleo la gari na yake) kumbuka hivi: Avantgarde inakuja na nyota kubwa ndani ya grili, Classic na Elegance za W204 pamoja na Exclusive ya W205 zinakuja na ya kusimama juu. Ukipata gari iko na zote mbili, jua kuna mtu ameongeza yake.

Kuna nyingine inasumbua watu sana siku hizi. Benz za karibuni zenye Distronic, ile ya kufuata gari la mbele na kupunguza mwendo yenyewe, nyota yao ya grili ni bapa, laini kama kioo, kwa sababu nyuma yake kuna rada. Mtu akiibiwa hiyo akaenda jua kali akawekewa nyota ya kawaida ya kromu, rada inaweza kuzibwa na dashibodi inakuletea onyo halikwishi. Ukiona hilo onyo kwa yadi angalia nyota kwanza kabla hujaambiwa ni sensa imekufa. Na ukinunua spea, namba ya orijino inaanza na herufi A halafu tarakimu kumi, mara nyingi zile tatu za kwanza zinafanana na namba ya bodi, kama A204 kwa W204.

Haya, nyuma ya gari. Hapa ndio pesa inapotelea.

Zamani mambo yalikuwa rahisi, 200 ni lita mbili, D ni dizeli, E ya mwisho kama 230E ni mafuta kupuliziwa na injeksheni. Hata wakati huo 190E ilikuwa lita mbili ndio maana ile kubwa yake ikaandikwa 190E 2.3. Mwaka wa 1993 wakapeleka herufi mbele, ikawa C180, E220, na hapo herufi ikawa ni ukubwa wa gari, E haikuwa tena ya injeksheni. Tangu hapo namba na injini zikaachana polepole. C180 za kwanza za W203 ni lita mbili kavu, baadaye ikaja C180 Kompressor ya 1.8, na C200 Kompressor nayo 1.8 hiyo hiyo, tofauti ni nguvu. Kompressor ni ile supachaja inayosukuma hewa kwa injini. Ukija W205, C180 nyingi ni 1.6, C200 ni lita mbili lakini ile ya kuanzia 2018 ni 1.5. Kwa hivyo mtu akikuambia ati hii ni C200 kwa hivyo ni 2000 siisi, mwambie akuonyeshe logibuku, siisi ziko hapo kwa Rating.

AMG ndio imejaa uongo zaidi. Ni herufi za Aufrecht, Melcher na Großaspach, majina ya wanaume wawili walioanzisha karakana ya injini 1967 na mji aliozaliwa Aufrecht. Gari inaweza kutoka kiwandani na bampa na rimu za AMG lakini injini ni ya kawaida kabisa, hiyo inaitwa AMG Line na hakuna ubaya, ubaya ni kulipia kitu ambacho hakipo. C63 ya W204 ni V8 ya lita 6.2, na juu ya injini kuna kibao kidogo chenye sahihi ya fundi mmoja aliyeiunga. Fungua boneti. Ukikuta silinda nne funga tu, mambo yameisha.

Dawa ya haya yote ni chesisi namba, ile pia huitwa VIN. Benz hata ikitoka Japani huwa na herufi na tarakimu 17 kwa jumla, tofauti na Toyota za huko. Itafute chini ya kioo cha mbele, kwa stika ya mlango, na ile iliyochongwa kwenye bodi, ambayo kwa W124 iko ukuta wa nyuma ya injini na kwa C-Class za baadaye iko chini ya kapeti la kiti cha mbele. Zote zifanane na logibuku. Kwa hizi tunazonunua huku mara nyingi inaanza na WDB ama WDD, tatu zinazofuata ni bodi, 124, 203, 204, na ya kumi ikiwa 2 gari ilizaliwa usukani kulia, ikiwa 1 ilizaliwa kushoto. Sasa kama ya kumi ni 1 na wewe umekaa kulia umeshika usukani, toka polepole uende nyumbani. Ukiiweka hiyo namba kwa tovuti za kusoma VIN inakupa orodha ya vitu ilivyotoka navyo, hata 260, ambayo ni mteja aliomba buti isiwekwe maandishi, kwa hivyo gari bila beji nyuma si lazima iwe imegongwa. Halafu fanya sachi ya NTSA, ile mamlaka ya usafiri inayosajili magari, kama kawaida.

Na kama umeshanunua, gari ni safi ila mwenye nayo alibandika AMG ambayo hutaki, usichokoe na bisibisi, utalia kwa rangi. Nenda soko kama Kibuye ya Kisumu ununue uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, pasha beji na draya hadi iwe moto wa kuvumilika na mkono, pitisha uzi nyuma yake ukivuta kushoto kulia kama unakata sabuni. Gundi inayobaki isugue na kidole, ikikataa weka spiriti kwa kitambaa laini. Ile nyota ya boneti haitoki hivyo, hiyo ya kusimama imefungwa kwa chini, inashikwa na koleo, inavutwa chini kidogo na kuzungushwa robo, halafu inatoka juu.