SOMO: Shindano lako la kwanza la kutunisha misuli (soma kwanza, uliza baadaye)

Wakuu, nimechoka kujibu swali moja kila wiki: najiandaaje kwa shindano la kwanza? Naliandika hapa mara moja. Atakayeniuliza tena namtumia hili.

1. Chagua kategoria, usome kanuni zake. Bukta ndefu na chupi ya jukwaani ni mashindano mawili tofauti.

2. Anza mapema. Wiki 12 zinamtosha ambaye mwili wake umeshakauka kiasi; wengi wenu mnahitaji 16 hadi 20. Punguza asilimia 0.5 hadi 1 ya uzito kwa wiki. Ukikimbiza zaidi, unakula misuli yako mwenyewe.

3. Protini gramu 2 na ushee kwa kila kilo ya uzito wako, kwa siku. Mazoezini, vyuma vibaki vizito vilevile.

4. Pozi kila siku, bila kioo, kila moja sekunde 10 hadi 15. Kwenye kutunisha misuli kwa wanaume, IFBB (shirikisho la kimataifa la mchezo huu) ina pozi 7 za lazima. Jirekodi, utajichukia, rekebisha.

5. WIKI YA MWISHO. Hapa ndipo watu wanaharibu kazi ya miezi. Msuli ni maji kwa takriban robo tatu. Wanga unaohifadhiwa humo hukaa na maji, kama gramu 3 kwa kila gramu ya wanga. Sasa wewe unajaza wanga huku umekata maji na chumvi: msuli utajaa nini? Unapanda jukwaani umesinyaa, mishipa haionekani, ukikaza paja linakubana mbele ya majaji. Kunywa maji kama kawaida, chumvi usiipunguze wala kuiongeza, chakula kile kile ulichokizoea. Dawa za kukojoza USIJARIBU. Mtunisha misuli Mohammed Benaziza alifariki mwaka 1992 saa chache baada ya shindano Uholanzi. Andreas Münzer akafuata mwaka 1996. Hao walikuwa wa kulipwa, si wanagenzi.

6. Rangi ya jukwaani (ya kupaka mwilini ili misuli ionekane chini ya taa): nyoa, sugua ngozi, usipake mafuta wala dawa ya kwapa, kwapa litageuka kijani. Ukijiona mweusi kupita kiasi kwenye kioo, chini ya taa utakuwa sawa.

MASWALI

Kifua_Mbele: Mkuu nina wiki 3 na kitambi kidogo tu, nifanyeje?
– Hatua ya 2. Kata tiketi ukatazame.

Simba_wa_Chuma: Kwa hiyo siku ya mwisho maji lita ngapi?
– Zile zile za jana yake. Nimeandika.

Simba_wa_Chuma: Kocha wangu katoa vidonge vya kukojoza, anasema wote wanatumia. Au wewe ndiye unajua kuliko yeye?
– Sijasema najua kuliko yeyote. Nimetaja waliokufa. Muulize atakuwa wapi moyo ukigoma.

Binti_Mbawa: Wakati wa kugeuka robo (robo mzunguko, majaji waone kila upande), naona wengine wamekaza hata kabla hawajaitwa. Ni lazima?
– Swali zuri, dada. "Kusimama kawaida" jukwaani si kupumzika: tumbo ndani, mbawa (misuli ya pembeni mwa mgongo) wazi, mapaja yamekaza, maana majaji wanalinganisha muda wote. Panga pozi kuanzia chini: kigimbi, paja, makalio, mgongo mwisho. Ukianza na mikono, miguu unaisahau. Pumua kifupi kwa juu, tumbo lisicheze. Ukigeuka, geukia kulia.

Binti_Mbawa: Asante kaka! Na rangi haichafui kitanda?
– Inachafua. Shuka kuukuu la rangi nzito, nguo pana ya mikono mirefu.

Mzee_wa_Dambeli: Nyongeza: kata kitako cha kikombe cha plastiki, nenda nacho chooni. Tone moja la mkojo pajani linaacha mstari mweupe, na kupaka upya hakuna muda.