Jinsi ya kutembea Kaole na Bagamoyo siku moja, ukala vizuri, na usiishie kusema "mawe tu haya"

Mwaka fulani nilimpeleka shemeji yangu kwenye magofu ya Kaole saa 7 mchana. Jua la utosi, njaa inamuuma, kavaa raba mpya nyeupe, akasimama pale getini dakika mbili akaniambia "shem, sasa si mawe tu haya?" Nilinuna mpaka jioni ila nikija kufikiria kosa lilikuwa langu sio lake. Kazi yangu ni kuzungusha wageni huku Bagamoyo, na nimeshaona watu wengi tu wanapoteza siku kwa sababu wameanza na kilichotakiwa kuwa mwisho, wanafika, wanakimbilia beach, wanakula chipsi, halafu saa 8 ndio wanakumbuka kuna magofu. Kwa hiyo nawaandikia mpangilio ninaoutumia mwenyewe, ufuate hivyo hivyo.

Kwanza tuelewane jambo moja, maana hata madereva wa bajaji wanalichanganya. Kaole na Bagamoyo mjini ni miji miwili ya nyakati tofauti kabisa. Kaole ndio mji wa zama za kati, ule msikiti wake wa zamani unakadiriwa ni wa karne ya 13, wakati huo Kilwa inatamba kwa dhahabu. Bagamoyo hii ya maghorofa ya mawe na milango ya nakshi ni mtoto mdogo, ilinenepa karne ya 19 kwa misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka bara. Ukijua hilo siku yako inajipanga yenyewe, asubuhi unakaa na babu, mchana unakaa na mjukuu.

HATUA YA 1: Angalia mwezi kabla ya kuangalia pochi

Sitanii. Huku kwetu kila kitu kinakwenda na maji. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, saa 4 asubuhi hivi maji yanakuwa yamekupwa yako mbali huko, unaona mchanga mtupu na ngalawa zimelala ubavu kama ng'ombe, halafu saa 10 jioni bahari imejaa mpaka ukingoni. Kila siku inayofuata inachelewa kama dakika 50. Kama unataka picha za vyombo vinaelea na uogelee jioni chagua bamvua, na mi ndio nazipenda kwa sababu asubuhi huna cha kukuvuta beach, unakwenda Kaole umetulia.

Miezi ya mvua za masika sikushauri, njia inakuwa tope na mbu wa kwenye mikoko wanakusubiri kwa hamu.

HATUA YA 2: Toka Dar mapema, na mapema maana yake saa 12

Ni kama kilomita 70 tu lakini foleni ya Mwenge mpaka Tegeta haijui kilomita. Daladala za Bagamoyo utazipata Makumbusho, zinapita Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga mpaka stendi. Beba kitambulisho cha taifa, hii watu wanaidharau, mtanzania getini analipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni sasa usije ukabishana na mtu bila ushahidi. Weka salio kwenye simu, malipo ya serikali siku hizi ni kontroo namba, na weka na chenji ya noti ndogo ndogo maana mama wa vitumbua hana muda na elfu kumi yako. Maji, kofia, kanga au kikoi cha kujifunga. Viatu vyovyote isipokuwa vyeupe.

HATUA YA 3: Kunywa chai mjini na uache oda

Hii ndio hatua inayotenganisha mgeni na mwenyeji. Ukishuka usikimbilie hotelini, tafuta mama mwenye vitumbua karibu na soko. Kitumbua kizuri utakijua kwa kukiangalia pembeni, kina ukingo mwembamba wa kahawia unaokatika kwa meno na katikati ni laini, ukikibonyeza kinarudi. Ukikuta kinang'aa mafuta na kizito kama jiwe la kinu basi mchele haukuumuka, tafuta kwingine. Kula na mbaazi za nazi kama zipo, au mihogo, na chai ya tangawizi.

Ukimaliza kula ndio unaenda kwa mama lishe unayemuamini (uliza bodaboda wanakula wapi, hawakosei) na unamwambia hivi: "Shikamoo mama, naomba leo unipikie samaki wa kupaka na wali wa nazi, tuko wanne, tutarudi saa 8, hii hela ya samaki na nazi." Unamwachia hela ya vitu kabisa. Usipofanya hivi utarudi saa 8 ukute wali maharage umebaki ukoko, maana samaki wa kupaka sio chakula cha kukutwa kwenye sufuria. Samaki anatakiwa akaushwe kwanza kwenye makaa na ndimu na kitunguu saumu, nazi ikunwe, tui zito likamuliwe pembeni likae mpaka mwisho, lile jepesi ndio linapika mchuzi, halafu anapakwa anarudi kwenye moto anapakwa tena. Hiyo sio kazi ya dakika kumi.

HATUA YA 4: Kaole, saa 3 asubuhi

Kutoka mjini ni kama kilomita 5 kuelekea kusini, chukua bajaji na mkubaliane bei ya kwenda NA kurudi pamoja na kukusubiri, useme kabla hujakaa. Ukifika chukua mwongoza wageni wa pale, usijifanye mjanja, hela yake ndogo na yeye anajua kaburi gani lina kisa gani.

Anza na kachumba ka makumbusho, usikaruke. Mle ndani kuna vipande vya vyombo vya Kichina vilivyookotwa hapo hapo, na ukishaviona ndio macho yako yataelewa yale mashimo utakayokutana nayo nje. Nitarudi hapo.

Sasa toka nje na kabla hujapiga picha jiulize bahari iko wapi. Hutaiona. Utaona mikoko. Kaole ilikuwa bandari, majahazi ya kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi, lakini tope limejaa taratibu mikoko ikaota maji yakasogea, na bandari ambayo chombo hakiwezi kuifikia inakufa, na Wareno nao walipoingia karne ya 16 biashara ya pwani nzima ikayumba. Ndio sababu mimi wageni wangu nawasimamisha kwanza kuelekea ile mikoko, nawaambia futeni ile miti kichwani, wekeni maji na matanga. Ukishindwa hiyo basi kweli utaona mawe.

HATUA YA 5: Namna ya kusoma mawe

Hapa tukae kidogo.

Gusa ukuta (gusa, usipande). Sio jiwe la mlimani, ni matumbawe, ukisogeza uso utaona vile vishimo vidogo vidogo kama sega la nyuki, hao walikuwa wadudu hai wa baharini. Kilichoyashika ni chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe hayo hayo yaliyochomwa kwenye lundo la kuni mpaka yakawa unga. Yaani bahari imejengwa kwa bahari. Msikitini tafuta kibla, ile sehemu iliyoingia ndani ukutani, na uone inaelekea kaskazini maana kutoka kwetu Makka iko huko. Kisima nacho kipo hapo hapo kwa ajili ya udhu na wenyeji wanakwambia hakijawahi kukauka, maji yake matamu wakati chumvi iko hatua chache tu.

Shemeji alipotulia aliniuliza swali ambalo mpaka leo naliona ni zuri kuliko ya wageni wengi waliosoma: "Misikiti miwili na makaburi, sasa watu walilala wapi?" Jibu ni kwamba jiwe lilikuwa la Mungu, la wafu na la wenye nazo. Watu wengi walikaa nyumba za miti, udongo na makuti, zimeoza zimerudi ardhini, kwa hiyo pale unapokanyaga nyasi ukidhani ni uwanja mtupu ndipo mtu alikuwa anakaanga samaki wake. Tembea na hilo akilini.

Halafu makaburi, yako zaidi ya ishirini. Yale yenye nguzo ndefu ni ya pwani yetu hii, huyakuti kila mahali kwenye Uislamu, ni ufundi wa Waswahili wenyewe. Angalia kwenye nguzo au kwenye kuta za kaburi utaona vishimo vya duara, vimeingia ndani kama alama ya kikombe kwenye udongo mbichi. Hapo zilipachikwa bakuli za Kichina! Mtu alikula na bakuli lililosafiri kutoka China mpaka Bara Hindi mpaka hapa, akafa, wakampambia nalo kaburi. Bakuli nyingi zimeng'olewa, duara limebaki. Weka kidole mle ndani taratibu uone chokaa ilivyoshika umbo la kitako cha bakuli. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba hapa 1958, na mengi tunayoyasimulia kuhusu umri wa haya majengo yanatokana na kazi kama hiyo, vyombo ndio saa ya mji, ukijua bakuli ni la lini unajua na kaburi.

Kuna kaburi la mume na mke ambao inasemekana walizama baharini pamoja, wapendanao wanapiga sana picha hapo. Na kuna la Sharifa, hilo tafadhali sana punguza sauti, watu wanakuja kuomba dua mpaka leo, utakuta hela na ubani, usiguse usicheke. Mtu akiwa anaomba subiri amalize. Mbuyu wa pembeni wanakwambia ukiuzunguka unaongezewa miaka. Mimi nimeuzunguka mara nyingi mno kwa hiyo mtanivumilia sana.

Saa moja na nusu inatosha. Kuna sehemu ya kufuga mamba maeneo hayo hayo, watoto wanapenda, mimi mamba hawanihusu.

HATUA YA 6: Mjini kwa mjukuu

Rudi mjini saa 5, na ukiwa na nguvu anza Misheni. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika 1868, kuna makumbusho mazuri kuliko yote hapa Bagamoyo, na mnara ambao Februari 1874 mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, ulilazwa baada ya watumishi wake Chuma na Susi na wenzao kuubeba kutoka Zambia ya leo kwa miguu. Kwenye mbuyu wa hapo uliza uonyeshwe mnyororo, ulifungwa kwenye shina la mti enzi hizo mti ukakua ukaumeza, kimebaki kipande kidogo kinachungulia nje. Baadae Mtaa wa India taratibu, milango, Ngome Kongwe, Boma la Mjerumani la 1897 (makao makuu ya Wajerumani yalikuwa hapa Bagamoyo kabla ya kuhamia Dar 1891, yaani hata kabla jengo hili halijajengwa), Caravanserai walipofikia wapagazi. Usijilazimishe kuingia kila jengo, chagua mawili. Jua la saa 7 halina adabu.

HATUA YA 7: Kula

Saa 8 kamili kwa mama. Nawa mikono, kula kwa mkono, wali wa nazi hauendi na uma. Samaki anza shavuni, hapo ndio pana nyama tamu na vijana hawajui. Ukiona tui limekatika limekuwa kama maziwa yaliyoharibika usilalamike kwa sauti, ila siku nyingine badilisha mama.

Saa 10 shuka soko la samaki, vyombo vinaingia na maji, mnada unapigwa kwa kelele huelewi nani kanunua nini. Kama unabeba nyumbani fungua shavu, ndani pawe pekundu, jicho liwe limejaa, tumbo likibonyezwa lirudi kama kile kitumbua cha asubuhi. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa changu "wa sasa hivi" wakati amelala kwenye barafu siku kadhaa, nimemfikisha nyumbani amelegea kama kitambaa, nilikuwa nimedanganywa na macho ya muuzaji nikasahau kuangalia macho ya samaki. Ukishanunua mpe mpara samaki, anakukwangulia magamba na kukutolea utumbo kwa hela ndogo, na uje na ndoo yako yenye kifuniko, konda hataki maji ya samaki kwenye gari.

Ukingoja magharibi meza za pweza zinatoka barabarani na vibatari vyake. Unachagua kipande, anakukatia vidogo vidogo, pilipili ya ndimu pembeni, na kikombe cha supu unakinywa umesimama hapo hapo. Usiombe kuondoka nacho.

HATUA YA 8: Kurudi

Uliza stendi mapema gari la mwisho ni saa ngapi, usisubiri giza. Na kaa upande wa kushoto, upande wa konda, maana jioni ukielekea Dar jua lote linapiga upande wa dereva. Asubuhi ukija pia lilikuwa upande huo huo wa dereva, na shemeji kwenda na kurudi alikaa nyuma ya dereva.