Virusi vimepita, nguvu hazirudi: jinsi ya kupima mapigo na kupanga shughuli

Baada ya kuugua virusi, baadhi ya watu hubaki na uchovu na dalili nyingine zisizoisha. Kwa UVIKO-19, Shirika la Afya Duniani huitambua hali hii kwa kawaida miezi 3 tangu mtu augue, ikiwa dalili zimedumu angalau miezi 2 na hakuna ugonjwa mwingine unaozieleza. Kwa hiyo anza kwa daktari, aangalie upungufu wa damu, tezi ya shingo, kisukari, figo, moyo na mapafu.

Chanzo bado kinachunguzwa, na huenda si kimoja. Kwa baadhi ya wagonjwa mabaki ya virusi hukaa kwenye tishu, utumbo ukiwemo, na kinga haipumziki. Kwa wengine kinga hutengeneza kingamwili zinazoushambulia mwili wenyewe, au virusi vya zamani vilivyolala, kama vya Epstein-Barr, huamka. Neva zinazoongoza mapigo na presha nazo huyumba, na hilo unaweza kulipima nyumbani.

Pima asubuhi, kabla ya chai au kahawa, mtu akiwa karibu yako. Lala chali dakika 10, kisha hesabu mapigo kwa dakika nzima. Simama wima, usitembee wala kuchezesha miguu, maana misuli ya miguu ikifanya kazi husukuma damu juu na kuficha tatizo. Hesabu tena dakika ya 2, ya 5 na ya 10. Ukiona kizunguzungu kikali, lala mara moja. Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi (40 kwa wenye miaka 12 hadi 19) na kubaki juu, huenda mishipa haibani vya kutosha, damu inatuama miguuni na moyo unakimbia kufidia. Rudia siku nyingine, kwani homa au kukosa maji huleta majibu hayohayo. Mpelekee daktari namba zote, pamoja na presha ya kulala na ya kusimama. Usijiongezee chumvi kabla hajakuruhusu, hasa kama una presha, figo au mimba.

Kupanga nguvu ndiko kugumu zaidi. Kishindo cha kazi, yaani dalili kuzidi baada ya kujituma, mara nyingi huja saa 12 hadi 48 baadaye, kwa hiyo anayetafuta sababu katika shughuli za leo hukosea. Andika kila siku kazi, usingizi na dalili. Ukizidiwa, angalia ulichoandika siku mbili zilizotangulia. Kusoma na mazungumzo marefu ni kazi pia, yaandike. Kisha weka kiwango unachokiweza hata siku mbaya, kaa unapooga au kupika, na pumzika kabla hujachoka. Wengi huharibu siku wanapojisikia vizuri: wanafidia kazi zote zilizolala, wanaanguka kwa wiki nzima. Kama kazi inakuangusha hivi, usikubali ratiba ya kuongeza mazoezi kila wiki bila kujali dalili. Mwongozo wa Uingereza wa 2021 kuhusu ugonjwa wa uchovu sugu uliondoa tiba hiyo.

Maumivu ya kifua, kuhema ukiwa umetulia, kuzimia, mguu mmoja kuvimba au upande mmoja wa mwili kulegea: nenda hospitali mara moja.