Kuchagua Miti Inayofaa Ua Mdogo katika Miji ya Mtwara na Lindi

Mche ulio ndani ya kiriba hauonyeshi ukubwa utakaoufikia, na kwa sababu hiyo watu wengi hununua mti kwa kulitazama tunda lake bila kukikumbuka kiwanja chao. Katika kiwanja cha mita 20 kwa 20, ukishaondoa nyumba, karo la choo, jiko la nje na njia ya kupita, sehemu inayobaki hutosha miti miwili au mitatu ya kimo cha wastani, pengine na midogo miwili kandokando ya ukuta. Kwa hiyo, kabla ya kwenda kwenye kitalu, chukua futi kamba uupime ua, kisha uweke alama mahali lilipo karo, linapopita bomba la maji na unapopita waya wa umeme. Mti usiozidi mita 5, kama mkomamanga au mlimau, upandwe angalau mita 3 kutoka ukutani. Mwembe uliobebeshwa (yaani uliounganishwa tawi la mti mwingine juu ya shina lake) na unaopogolewa kila mwaka upewe mita 5. Na mti unaohitaji zaidi ya mita 10 usipandwe kabisa.

Baada ya nafasi, chunguza ardhi. Chimba shimo la majaribio lenye kina cha sentimita 60. Sehemu za Mikindani na Shangani, mjini Mtwara, zilizo karibu na ufuko, sururu inaweza kugonga jiwe la matumbawe kabla ya kufika kina hicho, na udongo uliolala juu ya jiwe hilo huwa na chokaa nyingi. Mchungwa na mlimau hazipendi udongo wa namna hiyo: majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, na hali hiyo haiondoki hata ukimwagilia kila siku, kwa kuwa chokaa huuzuia mti kupata madini ya chuma. Mahali pa aina hiyo panafaa zaidi mkomamanga, mtopetope au mkunazi, ingawa mkunazi una miiba na si wa kupandwa pale watoto wanapochezea. Ukikuta mchanga mtupu, tatizo ni maji na mbolea kuzama haraka, na hilo hurekebishika kwa samadi na matandazo. Jaza shimo hilo maji jioni. Yakiwa bado yamo asubuhi, mpapai na mlonge usivipande hapo, maana mizizi yake huoza upesi.

Upepo nao una neno lake. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki katika miezi ya kiangazi, na kwa nyumba zinazotazama bahari huja na chumvi inayounguza ncha za majani. Miti laini ipandwe upande ambao nyumba yenyewe inaukinga upepo huo. Vimbunga si vya kila mwaka, lakini havipaswi kusahauliwa: Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952, na Aprili 2019 wakazi wa Mtwara walitahadharishwa kuhusu Kimbunga Kenneth, ambacho hatimaye kilitua kaskazini mwa Msumbiji. Mti mrefu uliosimama karibu na paa la bati ni hatari ambayo mwenye nyumba amejipandia mwenyewe. Kuhusu jua, kivuli kinachohitajika zaidi ni cha alasiri, kwa hiyo mti wa kivuli ukae upande wa magharibi wa nyumba au baraza. Mwenye tuta la mchicha akumbuke pia kwamba mwezi Juni na Julai jua letu hupita upande wa kaskazini, na mti uliopandwa kaskazini mwa tuta utalitupia kivuli wakati huohuo wa kumwagilia mboga.

Sasa miti yenyewe. Najua katika mikoa hii si rahisi kumwambia mtu asipande mkorosho nyumbani kwake, lakini shambani mti huo hupewa nafasi ya mita 12 kwa 12, na matawi yake hutambaa chini kwa mapana. Isitoshe, mkorosho unaotakiwa kuzaa vizuri huhitaji kukingwa kwa vumbi la salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, wakati wa kuchanua, na vumbi hilo si la kupuliziwa dirishani kwa jirani. Mkungu na mkrismasi ni miti mizuri ya barabarani na ya viwanja vya shule; nyumbani mizizi yake huinua sakafu ya nje. Mwarobaini unavumilia ukame kuliko mingi, ila ukiachwa huupita urefu wa nyumba na kuufunika ua wote. Mnazi mrefu usiwe karibu na paa wala mahali watu wanapokaa; anayetaka madafu atafute minazi mifupi, ambayo pia huanza kuzaa mapema.

Kwa ua mdogo, chaguo langu la kwanza ni mstafeli. Haupanuki sana, majani yake hubaki ya kijani karibu mwaka mzima, na tunda moja laweza kutosha familia kwa juisi. Mlimau na mndimu hufuata, mradi ardhi isiwe ya chokaa; iliyobebeshwa huanza kuzaa karibu na mwaka wa tatu, ilhali iliyooteshwa kwa mbegu hukawia zaidi na huwa na miiba mikali. Mpera huzaa sana lakini huvuta nzi wa matunda, kwa hiyo mapera yaliyoanguka yaokotwe kila siku na kufukiwa. Mlonge ukatwe kwenye kimo cha mita moja na nusu kila unaporefuka, ili majani ya mboga yachumwe bila ngazi. Usipokatwa huwa mwembamba, mrefu na mwepesi kuvunjika.

Mpapai unastahili maelezo yake. Haudumu miaka mingi na hauchukui nafasi kubwa, hivyo unafaa kuziba pengo wakati miti mingine inakua. Miche ya mbegu haitambuliki dume na jike ikiwa midogo, kwa hiyo panda mitatu katika shimo moja na usubiri maua. Dume huning'iniza maua madogo mengi kwenye vikonyo virefu. Jike hutoa maua makubwa yaliyobana shinani, na ndani yake kitunda kichanga huonekana. Bakiza jike mmoja katika kila shimo na dume mmoja katika ua mzima.

Ukifika kwenye kitalu, usichague mche mrefu kuliko yote. Geuza kiriba utazame chini: mzizi mkuu uliokwisha kutoboa plastiki na kuingia ardhini utakatika mche ukiinuliwa, na mizizi iliyojizungusha ndani ya kiriba itaendelea kujinyonga hata baada ya kupandwa. Kwa mche uliobebeshwa, hakikisha kiungo kimeshikana sawasawa, na chipukizi lolote linalotoka chini yake liondolewe, kwa kuwa hilo ni la shina mama, yaani mche wa chini uliobebeshewa, na tunda lake halitakuwa lile ulilolipia.

Mvua zetu huanza kwa kawaida Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, kisha hufuata kiangazi kirefu. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande kabla ya mvua, ukitenganisha udongo wa juu na wa chini; changanya ule wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri, urudishe shimoni, na upande mara mvua inapokolea. Anayepanda Aprili anaupeleka mche wake kiangazini kabla haujashika mizizi. Tandaza nyasi kavu kuzunguka mche bila kugusa shina, kwani mchwa hupenda kupitia hapo, na katika kiangazi cha kwanza mwagilia ndoo moja mara mbili kwa wiki, jioni, badala ya kikombe kimoja kila siku ambacho hulowesha juu tu na kuifanya mizizi ibaki karibu na uso wa ardhi. Kiangazi cha pili mara moja kwa wiki hutosha kwa miti mingi niliyoitaja, isipokuwa mpapai, ambao huendelea kuhitaji maji maadamu una matunda.