Kabla hujaingia msituni na graveli: pima kwanza pale mbali kabisa

Kitu cha kwanza huwa nafanya kabla hata sijaigusa graveli, yaani baiskeli ya njia za vumbi na kokoto, ni kufungua ramani na kutafuta ile sehemu iliyo mbali kuliko zote na lami, yaani pale ambapo ukikwama ndo umekwama kwelikweli, afu najiuliza swali moja tu, hapa kwa mguu nitatoka baada ya saa ngapi? Mtu anayesukuma baiskeli huku kavaa viatu vya kuendeshea anatembea kama kilomita nne kwa saa, penye mlima tatu, kwa hiyo kilomita 15 kutoka lami ni nusu siku imekwenda. Jibu hilo ndo linaamua nabeba nini, naondoka saa ngapi, na kama ni safari ya kwenda peke yangu au la. Ukiwa unazunguka karibu na watu, tyubu moja na simu zinatosha, usijitese na mizigo.

Halafu umbali wenyewe. Kilomita 100 za lami na kilomita 100 za vumbi na kokoto si ndugu. Mtu aliyezoea kwenda 25 kwa saa kwenye lami akiingia kwenye njia za msituni zenye vilima mara nyingi anajikuta kwenye 14 au 15, na hapo bado hajasimama kufungua mageti, kupiga picha na kurudi nyuma baada ya kupotea. Kwa hiyo usiangalie kilomita peke yake, angalia na jumla ya mita za kupanda. Kilomita 60 zenye mita 1,000 za kupanda ni siku nzito kwa mtu wa kawaida, hata kama kwenye ramani zinaonekana kama matembezi ya jioni. Mi nikishapata muda wangu naongeza robo yake juu, afu nahesabu kurudi nyuma kutoka giza linapoingia, na ndani ya msitu giza linaanza mapema kuliko nje. Taa ya mbele na ya nyuma nabeba hata nikiondoka asubuhi.

Kwenye ramani usiamini mstari tu kwa sababu umechorwa. Ramani za bure za mtandaoni za OpenStreetMap zina kitu kizuri ambacho wengi hawakiangalii, njia za magari ya shamba na msitu zimepewa daraja kuanzia 1 mpaka 5, la 1 ni njia ngumu iliyoshindiliwa vizuri na la 5 ni udongo au majani matupu ambapo mvua ikinyesha unabeba baiskeli begani. Linganisha na picha za satelaiti, ukiona njia inamezwa na miti na haionekani tena upande wa pili, jua yawezekana imeshaota vichaka. Pakua ramani kabisa kwenye simu, usitegemee mtandao. Na simu ikiwa inatafuta mtandao bondeni inakula chaji balaa, iweke kwenye hali ya ndege, GPS itaendelea kufanya kazi kama kawaida. Mtu mmoja nyumbani awe na ramani ya njia yako na saa ambayo ikifika hajakusikia aanze kutafuta, si "nitarudi jioni" maana jioni ni ndefu. Jua pia namba ya dharura ya nchi uliyopo, nchi nyingi ni 112, na pale simu inapogoma kupigika jaribu meseji, huwa inapenya kwenye mtandao dhaifu.

Ulizia kama msitu uko wazi. Kuna misimu ya kukata miti na misimu ya uwindaji, na kukutana na lori la magogo kwenye kona ya mteremko si kitu cha kusimulia wajukuu. Geti ukilikuta limefungwa lifunge, ukilikuta wazi liache wazi, mwenye mifugo ana sababu zake.

Sasa tuje kwenye matairi, hapa nitakaa kidogo maana nusu ya siku mbaya nilizowahi kuona zilianzia hapa. Kwa njia za kokoto za kawaida tairi la milimita 40 mpaka 45 linafaa watu wengi, ila kabla hujanunua pana zaidi pima nafasi iliyobaki kwenye fremu na fomoko, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, maana tairi linaweza kuzunguka vizuri kabisa pakavu, afu ukikanyaga tope la mfinyanzi linajaa pale katikati na gurudumu linagoma kuzunguka. Acha nafasi ya kidole kila upande.

Upepo ndo watu wanakosea zaidi. Wanajaza kama wanaenda mbio za lami, afu wanalalamika mikono imekufa ganzi. Mtu wa kilo 70 au 75 kwenye tairi la milimita 40 la tyubulesi, yaani lisilo na tyubu ndani, aanze na psi 30 hadi 35 (kipimo cha upepo kwenye pampu), nyuma iwe juu kidogo kuliko mbele, halafu apunguze mbili mbili mpaka asikie baiskeli imetulia. Ukisikia rimu inagonga jiwe umeshuka mno. Wa tyubu aongeze kidogo, kwa sababu tyubu ikibanwa kati ya jiwe na rimu inatoka matundu mawili kama meno ya nyoka.

Kama uko tyubulesi, silanti, ule uji unaomiminwa ndani ya tairi, unakauka. Miezi miwili mpaka sita hivi, na kwenye joto unawahi zaidi. Chomoa gurudumu, litikise sikioni, usiposikia chubwichubwi ongeza. Wengi wanagundua siku mwiba umeingia, wanasubiri tundu lijizibe lenyewe na upepo unaondoka zake. Beba vile vijiti vya kuziba matundu makubwa, na bado beba tyubu, na hiyo tyubu ichunguze. Yangu moja ilikaa mwaka mzima kwenye mfuko wa chini ya siti ikisuguana na funguo, siku ya kuihitaji nikaitoa, nikaijaza, ikatoa upepo sehemu tatu! Siku hizi naifunga ndani ya soksi kuukuu. Na kabla hujaiweka tyubu, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi lote utoe miiba, maana silanti iliziba mingi bila wewe kujua na yote inaisubiri hiyo tyubu.

Kuna na tairi kuchanika ubavuni. Milima ya Flint Hills kule Kansas, ambako mbio za Unbound Gravel za maili 200 zinapita, inajulikana kwa mawe makali yanayokata matairi ya watu wenye vifaa vya bei mbaya, kwa hiyo isikushangaze wewe. Dawa yake ni kipande cha tairi kuukuu au cha tyubu ya dawa ya meno, unakiweka ndani pale palipochanika ili tyubu isichomoze nje kama jipu. Chupa ndogo za gesi ni nzuri kwa haraka ila kila moja inatumika mara moja tu, pampu ya mkono haiishi.

Breki: angalia pedi kwa tochi. Ikibaki milimita moja au chini yake badilisha kabla ya safari, usiseme itafika, tope lenye mchanga linaweza kumaliza pedi laini kwa siku moja ya mvua. Na kama ni breki za mafuta, ukitoa gurudumu kupakia kwenye gari usibonyeze breki, pistoni zitatoka na pedi zitabanana, utafika huko gurudumu haliingii.

Gia, swali ni dogo tu, sproketi yako kubwa kabisa ya nyuma ina meno mangapi ukilinganisha na ya mbele? Zikilingana au ya nyuma ikizidi, uko vizuri. Kwenye lami ukishindwa unasimama juu ya pedali unasukuma, kwenye kokoto ukisimama tairi la nyuma linakosa uzito linazunguka bure, kwa hiyo lazima uweze kupanda ukiwa umekaa. Kama huwezi, utatembea, na kutembea nako si dhambi.

Afu kuna kichuma kimoja ambacho nadhani watu wote wangebeba kama wangejua, kile kidogo kinachounganisha mashine ya gia ya nyuma na fremu, mafundi wanaita hanga. Kimetengenezwa laini makusudi ili kivunjike chenyewe badala ya fremu. Fremu nyingi kila moja ina chake, kwa hiyo usitegemee kuazima cha mwenzako. Mimi kilichonifundisha ni kijiti chenye unene wa kidole, kimeruka kutoka tairi la mbele kikaingia kwenye spoki za nyuma, kikaizungusha mashine ya gia mpaka ikageuka juu kama mkono uliovunjika, kaa! sauti moja tu. Nikajaribu kuifupisha cheni iwe baiskeli ya gia moja, ikashika kama kilomita mbili, afu ikawa inapanda sproketi nyingine yenyewe na kukaza mpaka naogopa itakatika. Nilisukuma kilomita 11. Tangu siku hiyo hanga la akiba liko limefungwa kwa selotepu chini ya siti, halina hata uzito. Karibu nalo weka kiungo cha cheni cha akiba, kilingane na idadi ya gia zako, cha 11 kwenye cheni ya 12 hakikai sawa.

Funguo zako zijaribu nyumbani kwenye kila nati, usiishie kuzihesabu. Chukua kile kifaa cha funguo nyingi utakachobeba, pita nacho baiskeli nzima, hasa ekseli za magurudumu. Nimewahi kukaa pembeni na mwenzangu mwenye tyubu, pampu, kila kitu, ila ufunguo wa namba 6 wa kufungua ekseli haukuwepo.

Maji hesabu nusu lita mpaka robo tatu ya lita kwa saa, joto likizidi nayo yanazidi, na ramani ikionyesha kijito usihesabu kama bomba, kinaweza kuwa kikavu, au juu yake kuna ng'ombe, kwa hiyo beba kichujio au vidonge vya kusafisha maji. Chakula, gramu 30 mpaka 60 za wanga kwa saa na uanze kabla hujasikia njaa. Vilimani joto linashuka kama nyuzi 6 na nusu kila kilomita moja ya kimo, na wewe umepanda ukiloa jasho, ukianza kushuka na upepo meno yanagongana. Jaketi jepesi la upepo ndo nguo pekee ambayo sijawahi kujuta kuibeba. Kwa majeraha weka bandeji ya kukaza, dawa ya kusafisha kidonda na kibanio cha kung'olea kupe. Mbwa wakikujia, shuka, iweke baiskeli katikati yenu, tembea polepole.

Ukishafunga kila kitu, vizito katikati ya fremu na vyepesi nyuma, zunguka nayo kilomita 10 siku moja kabla, ikiwa na mzigo wote na maji yote, na utafute barabara mbovu kabisa ya kuijaribia. Mfuko wangu wa nyuma ulikaa safi sana uani, kilomita ya tatu ukaanza kushuka na kugusa tairi, na nilipoufungua jaketi la ndani lilikuwa na tundu la kupitisha ngumi.