Kuzuia Upungufu wa Damu kwa Chakula cha Kila Siku

Familia inayokula ugali kwa maharage na mchicha karibu kila siku huwa na madini ya chuma si haba sahanini, ila sehemu kubwa ya madini hayo hupita tumboni bila kufyonzwa. Kwa sababu hiyo, mtu anayetaka kujikinga na upungufu wa damu hana haja ya kuanza kwa kutafuta vyakula vya bei kubwa. Aanze kwa kuangalia namna anavyopika vile alivyonavyo, na kile anachokunywa wakati wa kula.

Mwili hutumia chuma kutengeneza hemoglobini, ambayo ndiyo inayobeba oksijeni katika damu. Mwanamke aliye katika umri wa kupata hedhi huhitaji takriban miligramu 18 za chuma kwa siku na mjamzito miligramu 27, ilhali mwanamume mtu mzima hutosheka na miligramu 8. Makadirio hayo ni ya mlo unaochanganya nyama na mimea. Anayetegemea mimea peke yake huhitaji zaidi, kwa kuwa chuma cha nyama, maini na samaki hufyonzwa kwa urahisi kuliko cha maharage na mboga za majani.

Jambo la kwanza la kurekebisha ni chai. Majani ya chai yana tanini, ambazo hushikamana na chuma cha vyakula vya mimea na kukizuia kisifyonzwe, na kahawa nayo hufanya vivyo hivyo. Chai ya asubuhi kwa maandazi haina hasara kubwa, maana chuma cha kupotea hapo ni kidogo. Hasara iko kwa anayekula chapati na maharage huku akishushia kwa chai ya rangi, kifungua kinywa ambacho kwa mama lishe wengi ni cha kawaida kabisa. Mtu huyo akinywa maji pamoja na chakula, kisha chai yake akainywa baada ya saa moja au zaidi, maharage yaleyale yatamfaa zaidi bila kuongeza hata shilingi.

Baada ya kuiondoa chai, weka kitu chenye vitamini C mahali pake, kwa sababu vitamini hiyo husaidia chuma cha mimea kufyonzwa. Nyanya ya kupikwa inasaidia kiasi, lakini vitamini C huharibiwa na moto, kwa hiyo ndimu ikamuliwe chakula kikiwa tayari kimepakuliwa. Kachumbari ya nyanya mbichi, kitunguu na ndimu huchukuliwa na wengi kuwa pambo la pilau, ilhali kazi yake kubwa zaidi ingekuwa kando ya maharage. Asiyependa uchachu ale pera, embe, papai au chungwa pamoja na mlo au mara tu baada yake; akilila tunda hilo saa nne baadaye, litamfaa kwa mengine, lakini si kwa chuma cha mlo uliokwisha kupita.

Maharage yenyewe yachambuliwe, yaoshwe, kisha yalowekwe usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo na uyapike kwa maji mapya hadi yaive kabisa. Kuloweka hupunguza fitati, ambazo nazo huzuia chuma, na pia hupunguza muda wa kupika, hivyo hakuna tena sababu ya kutia magadi, yanayoharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B. Kuchachusha kuna faida hiyohiyo ya kupunguza fitati, na ndiyo maana uji wa ulezi uliochachushwa ni bora kuliko ule wa unga uliokorogwa papo hapo.

Ukiweza, tia dagaa. Kiganja kimoja cha dagaa katika sufuria ya maharage au mchicha huongeza chuma chake chenyewe, na pia husaidia chuma cha hizo mboga kufyonzwa. Waliokaushwa juu ya mchanga waoshwe kwa maji ya uvuguvugu mara kadhaa hadi chembe ziishe. Kwa mtoto aliyetimiza miezi 6, umri ambao maziwa ya mama peke yake hayatoshelezi tena mahitaji yake ya chuma, dagaa waliosafishwa, wakakaangwa bila mafuta na kusagwa laini huchanganywa katika uji au viazi vilivyopondwa. Maini nayo yana chuma kingi, ila mjamzito asiyafanye chakula cha mara kwa mara, kwa kuwa yamejaa vitamini A, ambayo ikizidi inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Mchicha na matembele vioshwe kabla ya kukatwa, vipikwe kwa muda mfupi na maji machache, na mchuzi wake usimwagwe. Kisamvu kina kanuni yake: kitwangwe na kuchemshwa sana, kwa sababu kikiwa kibichi kina sumu.

Kuhusu vinywaji vyekundu, juisi ya rozela na ya bitiruti husifiwa sana kwamba huongeza damu, lakini wekundu wake hautokani na chuma, na bitiruti ina chuma kidogo kuliko mchicha uliopikwa. Atakayependa ladha yake anywe, ila asiifanye dawa. Udongo unaouzwa sokoni, ambao wajawazito wengi huutamani, ni hatari zaidi: unaweza kuzuia ufyonzaji wa chuma na kuleta mayai ya minyoo. Tamaa hiyo mara nyingi ni dalili ya upungufu wenyewe, kwa hiyo anayeipata aende kupima.

Tena si kila upungufu wa damu hutokana na chakula. Malaria, minyoo ya safura, hedhi nzito na ugonjwa wa selimundu vyote hupunguza damu, na hakuna maharage yatakayoziba pengo hilo wakati chanzo kinaendelea. Mwenye uchovu usioisha, kizunguzungu, moyo kwenda mbio kwa kazi ndogo, au weupe ndani ya kope na viganjani apimwe hemoglobini kituoni. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita huhesabiwa kuwa upungufu, na kwa mjamzito chini ya 11. Vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki vimezwe kwa maji au juisi ya chungwa, si kwa chai wala maziwa, na vikileta kichefuchefu vimezwe pamoja na chakula badala ya kuachwa.