Unaondoka Mtwara kwenda kufanya kazi Msumbiji au Oman? Maliza NSSF, bima na TRA kwanza

Anayekwenda kufanya kazi Pemba ya Msumbiji, Maputo au Muscat huhangaikia pasipoti na viza. NSSF, bima na TRA huachwa viporo, kisha shemeji anapigiwa simu azunguke maofisini bila hata kujua namba ya uanachama. Yamalize mwenyewe ukiwa bado hapa.

Anza na majina. Linganisha NIDA, pasipoti, NSSF na TIN. Kama huku umeandikwa Hamisi na kule Khamis, rekebisha kabla ya lolote lingine.

Kisha nenda NSSF uombe taarifa ya michango, uikague mwezi kwa mwezi. Mwajiri wa sekta binafsi anatakiwa kupeleka asilimia 20 ya mshahara, na kwako anaweza kukata hadi nusu yake. Miezi iliyorukwa idai sasa, hati za mshahara zikiwa mkononi, maana ukishavuka mwajiri huyo hatakutafuta. Pensheni ya uzeeni inataka michango ya miezi 180. Mwenye 120 amebakiza 60, kwa hiyo kabla ya kufikiria kujitoa, uliza utaratibu wa kuendelea kuchangia mwenyewe. Ukiajiriwa Msumbiji huenda ukakatwa pia INSS, mfuko wa hifadhi ya jamii wa huko. Hilo ni daftari lingine, usitegemee miezi yake ihamie hapa yenyewe.

Bima ni fupi lakini inauma. Kadi ya NHIF uliyopewa kupitia mwajiri inakwenda na ajira, na wanaoitegemea nyumbani wanaweza kufika hospitali ya Ligula wakaambiwa haifanyi kazi. Kabla ya kuacha kazi, pita ofisi ya NHIF uulize familia itajiunga kwa njia gani. Kwa upande wako, soma mkataba: nani analipia matibabu, na nani anakurudisha ukiugua sana? Kama hayo hayamo humo, omba yaandikwe kabla ya kusaini. Mikataba ya kazi za nje inapita TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, na wakala asiyetaka uende huko mwogope.

Sasa kodi, ambayo wengi wanaielewa kinyume. Kuondoka peke yake hakukutoi kwenye ukazi wa kikodi, yaani kuhesabiwa mkazi wa Tanzania kwa ajili ya kodi, na pasipoti siyo inayoamua. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato, wewe ni mkazi wa mwaka husika ukiwa nchini siku 183 au zaidi. Au ukiwepo mwaka huo na miwili iliyotangulia kwa wastani unaozidi siku 122: siku 130, 110 na 140 zinakuingiza. Au, na hapa ndipo wengi wanaponasa, ukiwa na makazi ya kudumu Tanzania na ukawepo nchini sehemu yoyote ya mwaka. Mwenye nyumba na familia Shangani anayerudi wiki mbili msimu wa korosho anaweza kuhesabiwa mkazi.

Mkazi hutozwa kwa mapato ya ndani na ya nje. Kodi uliyolipa Msumbiji inaweza kupunguzwa kwenye ya hapa, lakini isizidi ile ambayo Tanzania ingetoza kwenye mapato hayo, na lazima uwe na ushahidi wa malipo. Oman kwa sasa haitozi mshahara (sheria yao mpya inaanza 2028, tena kwa wenye kipato kikubwa), hivyo huna cha kupunguza. Asiye mkazi naye hajasamehewa kodi ya mapato yanayopatikana hapa, pango la nyumba yake likiwemo.

Kwa hiyo pita TRA ukiwa na TIN, mkataba na pasipoti. Waeleze tarehe ya kuondoka na nani anabaki nyumbani, uombe wakuambie unahesabiwaje, na ikiwezekana upate jibu la maandishi. Ukivuka Kilambo au Daraja la Umoja kule Mtambaswala, dai muhuri kila safari, hata kama mwenye mtumbwi ana haraka, kwa sababu siku zako zitahesabiwa kwa mihuri hiyo. Mwaka wa kodi unaisha 31 Desemba, na ritani, yaani taarifa ya mapato yako ya mwaka, inatakiwa ifike kabla ya 30 Juni kupita. Inawasilishwa mtandaoni, kwa hiyo hakikisha nywila na laini ya simu iliyosajiliwa unaondoka nazo.